KIMYA CHA PAMPU: USANIFU WA DASHIBODI YA WAVUTI YA KUFUATILIA VIHISI NA NAFASI YA KISWAHILI NDANI YAKE

Utangulizi

Pampu ya mkono ya kijijini inapoharibika, habari ya kuharibika kwake husafiri kwa miguu. Hutoka kwa akina mama waliokuta mpini umelegea, ikafika kwa mwanakamati wa maji, kisha ikamtafuta fundi, iwapo fundi mwenyewe anajulikana aliko. Katika eneo la Kyuso, ambalo leo limo katika Kaunti ya Kitui, pampu iliyoharibika ilikuwa ikikaa bila kutengenezwa kwa wastani wa siku 27. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya huko jaribio la mwaka mmoja lililohusu pampu 66. Ndani ya mpini wa pampu kulitiwa kifaa kidogo cha kupima mwendo, nacho kilituma hesabu ya mipigo ya mpini kwa arafa kupitia mtandao wa simu za mkononi. Sambamba na hilo, mafundi waliwekwa tayari kuitikia habari hizo. Wastani wa siku 27 ulishuka hadi chini ya siku 3.

Ni dhahiri kwamba si arafa iliyoitengeneza pampu. Fundi ndiye aliyeitengeneza, akiwa na spana na vipuri. Hata hivyo, baina ya kifaa kilichomo katika mpini na spana ya fundi kuna kitu cha tatu ambacho aghalabu hakitajwi: kiwambo cha tarakilishi au cha simu ambapo mtu fulani hutazama michoro na kuamua kwamba pampu hii iendewe leo na ile ingoje. Makala haya yanajadili namna kiwambo cha aina hiyo kinavyosanifiwa katika wavuti, na yanadai kwamba sehemu kubwa ya usanifu wake ni suala la lugha. Mhandisi hushughulikia namba, lakini mtazamaji husoma maneno, na neno likikosewa fundi hupanda pikipiki na kwenda kilomita arubaini kuitazama pampu nzima.

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi mbili zifafanuliwe. Kihisi ni kifaa kinachopima jambo moja la kimaumbile, kama vile mwendo, joto au kina cha maji, na kuligeuza kuwa namba. Wapo waliotohoa neno la Kiingereza na kupata sensa, lakini neno hilo tayari lina kazi yake katika Kiswahili, nalo ni kuhesabu watu. Sentensi kama "sensa ya Kwale imekamilika" ingemchanganya msomaji yeyote. Dashibodi, kwa upande mwingine, imetoholewa bila mgogoro: dereva huitumia kutazama mwendo, mafuta na joto la injini kwa mkupuo mmoja bila kuacha kutazama barabara, na kazi hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

Namba kutoka mpinini hadi machoni

Ufuatiliaji wa vifaa kwa michoro ya wavuti una historia ambayo si ndefu. Mwaka wa 1991 wanasayansi wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili walio mbali wasipande ngazi bure na kukuta limekwisha. Mwaka wa 1993 picha hiyo iliunganishwa na wavuti, nayo ikazimwa mwaka wa 2001. Ni kisa cha kuchekesha, ila kina kiini cha jambo lote: kumwepushia mtu safari isiyo na faida. Mwaka wa 1995 Tobi Oetiker, akiwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort nchini Uingereza, aliandika programu iliyoitwa MRTG, iliyouliza vifaa vya mtandao hali yao kila baada ya dakika 5 na kuchora grafu ya siku, ya wiki, ya mwezi na ya mwaka. Mwaka wa 1999 aliitoa RRDtool, ambayo ni hifadhidata ya mviringo: nafasi zake zikijaa, data mpya huandikwa juu ya ile kongwe, na kabla ya kupotea data kongwe hufupishwa kuwa wastani. Programu nyingi za ufuatiliaji zilizofuata, ikiwemo Grafana iliyoanza kutolewa mwaka wa 2014, zimerithi mazoea ya grafu zile.

Njia ya namba yenyewe si ngumu kuieleza. Kihisi hupima. Kidude cha simu kilicho karibu nacho hutuma. Seva hupokea na kuandika katika hifadhidata: kifaa gani, saa ngapi, namba gani. Mtazamaji anapofungua ukurasa, kivinjari huiomba seva data na kuchora mistari. Panapohitajika mabadiliko ya papo hapo, seva huweza kusukuma data bila kuombwa, lakini kwa pampu inayotuma arafa chache kwa siku jambo hilo ni anasa tu. La muhimu zaidi ni uzito wa ukurasa. Kihisi kinachohesabu kila saa huzaa namba 8,760 kwa mwaka, ilhali kiwambo cha simu ya kawaida kina upana wa nukta mia chache tu. Kuipeleka namba yote kwa simu ya fundi ni kumlipisha salio kwa ajili ya vitu ambavyo jicho lake haliwezi kuvitenganisha. Seva ifupishe kwanza, kisha ipeleke.

Hapa pana mtego. Kufupisha kwa wastani kunaficha lile hasa linalotafutwa. Ichukuliwe kwamba pampu moja hutoa lita 2,000 kwa siku kwa muda wa siku sita, na siku ya saba hukatika isitoe hata tone. Wastani wa wiki nzima ni lita 1,714 hivi kwa siku. Katika grafu ya mwaka, wiki hiyo itaonekana kama kishimo kidogo ambacho hakuna atakayekitilia maanani, ilhali kijiji kizima kilirudi kuchota maji ya bwawa. Kwa hivyo dashibodi ya maji haina budi kuhifadhi kiwango cha chini kabisa cha kila kipindi pamoja na wastani, na kuchora vyote viwili. RRDtool inaruhusu hivyo tangu zamani. Tatizo ni kwamba wasanifu wengi huchukua wastani kwa sababu ndio unaochora mstari laini unaopendeza.

Sifuri si kimya

Tuseme, kwa mfano, kwamba asubuhi moja grafu ya pampu fulani haina kitu. Nini kimetokea? Huenda pampu imeharibika. Huenda ni nzima ila mvua imenyesha usiku na watu wanakinga maji mapaani. Utafiti uliofanywa Kwale na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba matumizi ya pampu za mkono hupungua mvua inapoongezeka. Huenda pampu inatumika kama kawaida lakini betri ya kihisi imekwisha. Huenda kihisi ni kizima na pampu ni nzima, ila mnara wa simu umezimika na arafa zimekwama. Hali nne, na katika dashibodi iliyosanifiwa vibaya zote zina sura moja: mstari ulioshuka chini.

Tofauti ya kwanza ambayo msanifu hana budi kuilinda ni ile iliyopo baina ya sifuri na kimya. Sifuri ni habari: kihisi kimezungumza na kusema kwamba mpini haukusogea. Kimya ni ukosefu wa habari. RRDtool hutenganisha mawili haya kwa kanuni inayostahili kusifiwa. Kila chanzo cha data hupewa muda maalumu unaoitwa mpigo wa moyo; muda huo ukipita bila namba mpya kupokewa, hifadhidata haiandiki sifuri wala hairudii namba ya mwisho, bali huandika kwamba thamani haijulikani. Kwa kihisi kinachotuma kila baada ya saa 6, muda wa saa 13 hivi unaruhusu arafa moja ipotee bila kelele. Ukifupishwa zaidi, kila hitilafu ndogo ya mtandao itazua wasiwasi. Ukirefushwa hadi siku tatu, faida yote iliyopatikana Kyuso imekwisha.

Kosa la pili hutokea katika uchoraji. Programu nyingi za grafu, zikikuta pengo, huunganisha nukta ya kabla na nukta ya baada kwa mstari mnyoofu. Msomaji huona mstari unaopita na huamini kwamba maji yalikuwa yakitoka. Mstari huo ni uongo usio na mwongo: hakuna aliyekusudia kudanganya. Pengo lichorwe kama pengo, ikiwezekana kwa kivuli cha kijivu kinachosema wazi kwamba hapa hapakupokewa kitu.

Tofauti nyingine haziwezi kuonekana katika grafu ya pampu moja hata ikichorwa kwa ustadi gani. Zinahitaji majirani. Pampu kumi zilizo chini ya mnara mmoja zikinyamaza kwa wakati mmoja, tatizo ni mnara. Pampu zote za eneo zikipungua pamoja bila kunyamaza, yamkini ni mvua. Pampu moja ikishuka hadi sifuri na jirani yake ikapanda siku iyo hiyo, basi watu wamehamia kwa jirani, na ile ya kwanza pana kilichoisibu. Ndiyo maana orodha ya pampu kwa mpangilio wa alfabeti, ambayo ndiyo hutolewa na dashibodi nyingi, ni mpangilio duni. Grafu ndogondogo zipangwe kwa ujirani, zikiwa na vipimo sawa vya wima na vya mlalo, ili jicho lilinganishe bila kuombwa. Ben Shneiderman alipendekeza mwaka wa 1996 kwamba mtazamaji apewe kwanza picha ya jumla, kisha awezeshwe kukaribia na kuchuja, na maelezo ya undani yaje anapoyaomba. Kwa fundi wa pampu, picha ya jumla ni kitongoji, si kifaa.

Kitenzi cha kiwambo

Mtu anapouliza ni kwa nini masuala haya yajadiliwe katika jarida la Kiswahili, jibu limo katika kisanduku kidogo kilicho kando ya kila grafu, ambapo hali ya kifaa huelezwa kwa neno moja au mawili. Dashibodi nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza hutumia neno moja kwa kila kifaa kisichopatikana. Mfasiri anayetafuta neno moja la Kiswahili la kulingana na hilo atapoteza hazina ambayo lugha yenyewe imemwekea, yaani mfumo wa ukanushaji wa kitenzi.

Zitazamwe sentensi hizi tatu: Pampu haikutuma. Pampu haijatuma. Pampu haitumi. Zote ni kanushi, na zote hueleza kutopatikana kwa data, ila hazilingani. Haikutuma hutaja tukio lililofungwa katika wakati uliopita. Ni neno la pengo lililo katikati ya grafu, la tarehe 12 kwa mfano, ambalo tayari limepita na data zikarejea. Haijatuma hubeba matarajio: ilipaswa kutuma, muda wake umefika, na bado inatazamiwa. Hii ndiyo hali ya kihisi kilichokosa zamu moja lakini ambacho mpigo wake wa moyo haujapita. Haitumi hueleza hali iliyokaa, isiyo na matarajio ya karibu. Ni hali ya kihisi kinachohitaji kuendewa. Wanafunzi wa sarufi huifahamu tofauti hii kwa miaka mingi kama zoezi la darasani. Katika dashibodi, tofauti ya -ku- na -ja- ni tofauti ya kutuma pikipiki au kungoja hadi jioni.

Suala gumu zaidi ni neno imeharibika. Ndilo neno la kwanza linalomjia mfasiri, na ndilo lisilofaa kabisa kuandikwa na mashine. Kihisi kilichomo mpinini hakijui kama pampu imeharibika. Kinajua tu kwamba mpini haujasogea. Historia ya viwanda ina funzo chungu kuhusu jambo hili. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, vali iliyopaswa kujifunga ilibaki wazi na maji ya kupoza yakaendelea kumwagika. Taa iliyokuwa mbele ya wahudumu ilizimika, nao wakafahamu kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikupima vali ilipo. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Kwa saa kadhaa wahudumu waliamini taa, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Hivyo basi, kauli aminifu ni ile inayotaja kilichopimwa: "Mpini haujasogea tangu Jumatatu jioni." Ni ndefu kuliko imeharibika, na wasanifu wa viwambo hawapendi urefu, lakini inamwachia mtazamaji kazi ambayo ni yake, yaani kuhitimisha. Neno imeharibika liwepo, ila liandikwe na mtu aliyeiona pampu kwa macho yake, na jina la cheo chake, awe fundi au mwanakamati, liwekwe kando ya neno hilo pamoja na tarehe. Kwa njia hii dashibodi hubainisha ushuhuda wa chombo na ushuhuda wa mtu, jambo ambalo wanahistoria wa fasihi simulizi hawangehitaji kuambiwa mara mbili.

Upatanisho wa kisarufi nao una vituko vyake. Mwandishi wa programu huandika kiolezo kimoja chenye nafasi ya jina na neno lisilobadilika: jina la kifaa, kisha "imezimika". Kwa pampu na betri kiolezo hufanya kazi. Kikiingizwa kisima, hutoka "Kisima 14 imezimika". Kikiingizwa mtambo, hutoka "Mtambo imezimika". Mhandisi aliyekulia Nairobi pengine hataona kasoro yoyote hapo, na hilo ni suala la makala nyingine. Mifumo ya kimataifa ya kuandaa programu kwa lugha mbalimbali haimsaidii: hukitambua Kiswahili kuwa lugha yenye umoja na wingi tu, basi, wala haiulizi ngeli.

Lakini tatizo hili lina utatuzi mwepesi kuliko linavyoonekana, kwa sharti kwamba hali za vifaa zielezwe kwa vitenzi. Kila kitu kinachoingizwa katika hifadhidata kipewe safu moja ya ziada yenye viambishi vyake vya umoja na vya wingi: i na zi kwa pampu, ki na vi kwa kihisi, u na i kwa mtambo, li na ya kwa tangi. Kwa kuwa viambishi -me-, -ja-, -li- na -ku- vyote huanza kwa konsonanti, kiambishi cha ngeli hakigongani na irabu yoyote wala hakibadiliki: i-me-zimika, ki-me-zimika, u-me-zimika, li-me-zimika, ha-i-ja-tuma, ha-ki-ja-tuma, ha-u-ja-tuma. Programu huunga vipande bila kujua sarufi yoyote. Vivumishi havina ukarimu huo. Mzima, kizima, nzima na zima haviwezi kuundwa kwa kuunga kiambishi kile kile, na mwenye kujaribu "mpya" atapata kipya, jipya na mpya, kila kimoja na kanuni yake. Uamuzi wa kutumia kitenzi badala ya kivumishi katika kisanduku cha hali, ambao ungeweza kudhaniwa kuwa wa mtindo tu, kumbe ni uamuzi wa kihandisi.

Saa ipi?

Seva nyingi huandika nyakati kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu mwaka mzima. Dashibodi isiyogeuza tofauti hiyo itamwonyesha mtazamaji kwamba wanakijiji huanza kuchota maji saa tisa za usiku. Kosa hili ni la kawaida na hurekebishwa kwa mstari mmoja wa maagizo.

Tofauti ya saa sita ndiyo isiyorekebishwa kwa urahisi. Arafa ya tahadhari ikisema "Mpini haujasogea tangu saa 7", msomaji wa Kiswahili atafahamu saa saba. Je, ni saa saba ya mchana, kwa hesabu ya Waswahili, au ni 7:00 ya asubuhi iliyotafsiriwa neno kwa neno na tarakilishi? Fundi aliyezoea mambo ya ofisi atasoma hivi, na mwanakamati atasoma vile, na wote wawili watakuwa na sababu. Viwango vya tarakilishi kuhusu Kiswahili huandika saa kwa hesabu ya kimataifa, kwa hivyo msanifu hatapewa saa ya Kiswahili na programu yoyote iliyokwisha tayari, itambidi aiunde. Njia salama ni kuwa na kanuni mbili zisizochanganywa: katika mhimili wa grafu, tarakimu za saa ishirini na nne kama 07:00 na 13:00, ambazo hakuna anayezisoma kwa sauti, katika sentensi, saa ya Kiswahili kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, yaani "saa moja asubuhi". Tarakimu iliyo ndani ya sentensi bila kipindi cha siku ipigwe marufuku.

Usiku una utata wake. Usiku wa Jumanne kwa mzee wa pwani ni ule uliotangulia mchana wa Jumanne, maana siku huanza jua linapotua, ilhali kwa kijana wa shule ni ule unaoufuata. "Usiku wa kuamkia Jumanne" huondoa shaka, na herufi chache zilizoongezeka si hasara.

Rangi na kelele

Kuhusu rangi, mengi yamekwisha kusemwa kwingineko. Nyekundu na kijani hazitenganishwi na macho ya kila mtu; miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 ana shida ya kuzitofautisha, na ingawa kiwango ni cha chini katika jamii nyingi za Afrika, si sifuri. Isitoshe, ripoti huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Umbo na neno viandamane na rangi. Yapendeza kutambua kwamba Kiswahili chenyewe kina vivumishi halisi vya rangi vitatu tu vinavyokubali upatanisho, yaani -ekundu, -eusi na -eupe, huku kijani na manjano yakiwa majina yaliyoazimwa kutoka majani na viungo vya jikoni. Dashibodi inayotegemea hivyo vitatu na maumbo ingekuwa inaeleweka hata kwenye karatasi.

Kelele ni hatari zaidi kuliko rangi. Three Mile Island, katika dakika za kwanza za ajali, zaidi ya kengele 100 zililia, na wahudumu hawakuwa na njia ya kujua ipi ni ya maana. Dashibodi ya pampu haina kengele mia, lakini fundi anayepokea arafa kumi kwa siku, nane zikiwa za mvua au za mnara, atazizoea kama alivyozoea kunguru. Hivyo kengele ilie kwa jambo moja tu: pampu moja iliyonyamaza au kusimama huku majirani zake wakiendelea. Mengine yote yangoje atakapofungua ukurasa kwa hiari yake.

Hapo hujitokeza suala la nani anayeufungua ukurasa huo. Kihisi huhesabu mikono ya wanakijiji, lakini grafu huishia ofisini. Vihisi vya Kwale vilizaa hata elimu ambayo hakuna aliyeitarajia: utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba mtikisiko wa mpini unaweza kutumiwa kukadiria kina cha maji yaliyo ardhini, bila kuchimba chochote. Wenye mikono iliyotikisa mpini huo, ambao majumbani mwao huzungumza Kidigo au Kiduruma kabla ya Kiswahili, aghalabu hawana kiwambo cha kutazamia. Wana simu ndogo ya kupokea arafa, na simu hiyo ni dashibodi tosha iwapo msanifu ataichukulia hivyo. Arafa inaweza kusomeka: "Mpini wa pampu haujasogea tangu jana saa kumi jioni. Je, pampu imeharibika? Jibu NDIYO au LA." Jibu la ndiyo huingizwa katika hifadhidata kama ushuhuda wa mwanakamati, na kisanduku cha hali hubadilika kuwa "imeharibika". Jibu la la huacha kauli ya mpini ilivyo na kuelekeza shaka kwenye betri au mvua.

Ila watu hawajibu kwa maneno waliyoagizwa. Wataandika hapana, iko sawa, inatoa kidogo, fundi amekuja. Programu ipewe orodha pana ya majibu yanayotarajiwa, na isichokitambua ikipeleke kwa binadamu asome. Fundi naye anapomaliza kazi, swali la pili hutumwa kwa mwanakamati: "Je, pampu imetengenezwa?" Jibu litakalorudi mara nyingi kuliko yote ni neno moja, "bado". Mhandisi aliyeandaa nafasi mbili tu atalihesabu kuwa la na kuufunga mjadala. Lakini bado si la. Ni ndugu wa -ja-: kazi haijakamilika na inatazamiwa. Safu ya hifadhidata inayopokea jibu hilo inahitaji nafasi ya tatu, na baada ya siku moja swali lile lile lirudiwe kwa namba ile ile ya simu.